Monita ya inchi 27, chumba cha juu Langoni, Lamu, dirisha la bahari: niiweke vipi idumu?

Ukhti wa Langoni
Asalaam alaykum ndugu zangu. Naomba ushauri kabla sijatoa pesa. Nataka monita ya inchi 27 ya kuunganisha na laptop. Kazi ni hesabu za duka na kuchora ramani za nyumba, saa sita hadi nane kwa siku. Chumba kiko ghorofa ya juu hapa Langoni, dirisha kubwa linatazama bahari, dari ni boriti na chokaa, upana kama mita 2.7. Laptop ina tundu moja la HDMI na moja la USB-C. Stima inakatika na kurudi bila taarifa, na chumvi ya hapa mnaijua. Ninunue ya namna gani, nitundike ukutani au niweke mezani, na niifunike kwa nini? Itatoka Mombasa kwa gari, kisha boti kutoka Mokowe.

Fundi Mkunguni
Waalaykum salaam ukhti. Anza na idadi ya nukta zinazounda picha (pikseli), si ukubwa wa kioo. Inchi 27 yenye nukta 1920 kwa 1080 inakupa kama nukta 82 tu kwa kila inchi, na mistari myembamba ya ramani itaonekana ina meno. Kwa inchi 27 chukua 2560 kwa 1440, hiyo inafika 109. Kama bei inakushinda, bora inchi 24 yenye 1920 kwa 1080, ambayo ina 92, kuliko 27 ya nukta hizo hizo.

Kioo kiwe cha aina ya IPS ili rangi zisibadilike ukikitazama kwa pembeni, na uso usiong'aa. Uso wa kung'aa mbele ya dirisha la bahari ni kioo cha kujitazamia.

Kabla ya kulipa, tazama tundu la USB-C la laptop. Si kila USB-C hutoa picha. Likiwa na alama ya radi au herufi D na P zilizoshikana kando yake, linatoa. Lisipokuwa na alama, tafuta maelezo ya modeli hiyo hasa, usikisie. Likitoa picha, tumia hilo, kwa sababu HDMI za laptop za zamani zinabeba nukta 2560 kwa 1440 kwa shida, na ukipeleka 3840 kwa 2160 zinashuka hadi kubadilisha picha mara 30 tu kwa sekunde. Hapo utaona mshale wa kipanya unajikokota.

Usinunue kigeuzi cha kwenda VGA, lile tundu la picha la zamani. Herufi hufifia na huwezi kuzirudisha.

Nahodha wa Kebo
La safari lisipuuzwe, monita nyingi hufa njiani hata kabla hazijawashwa. Mwambie muuzaji aiwashe dukani na akuonyeshe skrini nzima ikiwa nyekundu, kijani, buluu, nyeupe, kisha nyeusi. Nukta iliyokufa huonekana kwenye nyeupe, iliyokwama kwenye nyeusi. Kampuni nyingi hazikubali kubadilisha kwa nukta moja, kwa hiyo ikatae hapo hapo dukani.

Kwenye gari katoni isimame wima, isilazwe na isiegemezwe gunia. Mokowe ifunge kwa nailoni mbili, mdomo ukiangalia chini, uiweke katikati ya boti au nyuma, kamwe si omoni ambako maji yanaruka. Kutoka gatini mpe mchukuzi wa mikono, si punda: mtikisiko wa shogi kwenye vichochoro vya mawe huvunja kioo kwa ndani na katoni isionyeshe hata mkwaruzo. Ikifika usiifungue na kuiwasha papo hapo. Kama ilikuwa kwenye gari la kiyoyozi, iache saa mbili ndani ya katoni ipate joto la chumba, la sivyo unyevu hugeuka matone kwenye bodi.

Katoni usiitupe mpaka waranti iishe.

Bi Shela
Kuhusu ukuta, dada, usitoboe. Nyumba ya mawe ya matumbawe na chokaa haishiki plagi ya plastiki ya skrubu kama zege. Chokaa humeguka, skrubu huzunguka bure, na baada ya miezi monita inaanza kuinama. Tena Mji wa Kale uko chini ya uhifadhi, umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2001, na ukuta wa miaka mingi hautengenezwi ukishatobolewa. Tumia mkono wa kubana mezani. Nyuma ya monita kuna matundu manne ya VESA (mpangilio wa kawaida wa kufungia monita), ama sentimita 7.5 kwa 7.5 au 10 kwa 10. Skrubu zake ni M4. Tumia zilizokuja nayo, na ukibadilisha usizidishe urefu, kwa sababu skrubu ndefu hupita na kugusa bodi.

Meza iwe na kina cha sentimita 70 au zaidi. Chumba chako ni chembamba kama vyote vya Amu (Lamu), kwa sababu upana umefuata urefu wa boriti, kwa hiyo meza weka kwenye ukuta mfupi, dirisha likubakie ubavuni. Usikae ukilitazama dirisha, utapepesa siku nzima, wala usilipe mgongo, litaonekana kwenye kioo. Iwe angalau mita moja na nusu kutoka dirishani, na jua la asubuhi lisiipige. Vitabu vya monita nyingi huandika mwisho wa joto ni nyuzi 40, na kioo cheusi kikikaa juani huvuka hapo haraka.

Ukingo wa juu wa kioo uwe sawa na macho au chini kidogo. Nyosha mkono: ncha za vidole ziguse kioo, hapo ni kama sentimita 60 hadi 70. Lalisha juu ya monita nyuma kidogo, nyuzi 10 zinatosha. Ukivaa miwani ya kusomea yenye sehemu mbili, ishushe zaidi, la sivyo shingo itakuuma kwa kuinua kidevu.

Fundi Mkunguni
Nimkubali Bi Shela kwa yote. Sasa umeme, na hapa watu hupoteza pesa. Tazama kibandiko nyuma ya monita au kwenye adapta yake. Kikisema 100–240V, stima kushuka hadi 180 haikudhuru, kwa hiyo huna haja ya stabilaiza kubwa ya dukani. Adui ni ule mruko wa stima inaporudi. Pesa hiyo weka kwenye UPS (betri inayoshika stima ikikatika) ndogo ya 650VA. Monita ya inchi 27 inakula kama wati 30 tu, laptop ina betri yake, basi UPS hiyo yaweza kuibeba monita karibu saa moja betri ikiwa mpya. Joto la pwani hula betri hizo, tarajia kuibadilisha baada ya miaka miwili au mitatu. Usiifunike na usiitie chini ya meza kwenye kona isiyopita hewa.

Kama UPS haijawezekana, chukua ekstensheni yenye kinga ya mruko. Taa yake ya kinga ikizimika, badilisha ekstensheni hata kama stima bado inapita, maana kilichokufa ni kinga yenyewe. Vile vile kifaa cha kungojea kama kile cha friji, kinachochelewesha stima dakika chache inaporudi, kinasaidia sana.

Lakini kinga nyingi zinamwaga mruko ardhini. Kwenye nyumba za zamani soketi ina matundu matatu na waya wa ardhi haupo nyuma yake. Dalili: ukigusa chuma cha kompyuta kwa mgongo wa mkono unahisi mtetemo mdogo. Ukiuhisi, mwite fundi wa umeme mwenye leseni apime kabla hujanunua kinga yoyote. Fyuzi ndani ya plagi iwe ya ampea 3, si ile 13 inayokuja na plagi za kawaida. Radi zikianza, chomoa plagi pamoja na kebo ya picha. Kuzima kwa swichi pekee hakutoshi.

Kijana wa Mkomani
Mimi nashauri ukimaliza kazi uifunike nailoni nzima, uifunge chini, chumvi isiingie.

Bi Shela
Hapana kaka, hapo unaiua taratibu. Nailoni inafungia unyevu ndani. Chumvi ya kawaida huanza kuvuta maji hewani unyevu ukipita asilimia 75, na Amu usiku unyevu hupita hapo mara nyingi. Vumbi la chumvi lililo ndani ya matundu ya hewa linageuka maji ya chumvi, na chini ya nailoni halikauki asubuhi. Funika kwa leso ya pamba iliyofuliwa na kukaushwa vizuri, na uingoje monita ipoe kama nusu saa kwanza. Leso inazuia vumbi la chokaa la dari, nao unyevu unapita. Ifue kila wiki, kwa sababu yenyewe inashika chumvi.

Wakati wa masika, hata kama huna kazi, iwashe saa moja au mbili kila siku. Joto lake dogo ndilo linalokausha ndani. Monita iliyozimwa miezi mitatu kando ya bahari iko hatarini kuliko inayotumika. Ukisafiri, itie kwenye katoni yake na pakiti za silika jeli, kisha funga. Hapo sasa nailoni inafaa, kwa kuwa silika inakunywa unyevu uliobaki. Zile za chembe za buluu zikigeuka waridi zimeshiba. Chembe za buluu ziwekwe mbali na watoto.

Nahodha wa Kebo
Usisahau vichwa vya kebo. Kwenye HDMI kutu ya kijani huanza kwenye ganda kisha huingia kwenye pini, na dalili yake ni picha kupotea sekunde moja na kurudi. Watu hulaumu monita. Kila mwezi, zima monita, chomoa kebo na uichomeke tena mara tatu, huo msuguano wenyewe hukwangua utando. Ikishakuwa kijani, pulizia dawa ya kusafishia viunganisho, ile inayokauka bila kuacha mafuta, ngoja dakika kumi. Usitumie mafuta ya cherehani wala sandpepa. Kebo iache na mkunjo wa kushuka chini kabla ya kupanda kwenye tundu, maji yakidondoka darini yaishie kwenye mkunjo.

Ukhti wa Langoni
Allah awajaze kheri. Nimeelewa ya mahali, stima na leso. Kusafisha kioo je? Hapa nina dawa ya madirisha na spiriti.

Bi Shela
Viache vyote viwili. Dawa nyingi za madirisha zina amonia, inachuna ule utando usiong'aa na kuacha mabaka meupe. Spiriti nayo vivyo hivyo. Unahitaji vitambaa viwili vya maikrofaiba na maji yaliyotoneshwa, yale yanayouzwa kwenye vituo vya mafuta ya kuongezea betri za gari. Soma chupa vizuri: yawe maji, si asidi ya betri, maana huwekwa rafu moja. Maji ya kisima ya Amu yana chumvi, yakikauka yanaacha michirizi.

Zima, chomoa, ngoja ipoe. Kwanza pangusa chokaa kwa brashi mpya laini ya rangi, bila kukandamiza, kwa kuwa chembe za chokaa na chumvi zinakwaruza kama mchanga. Lowesha kitambaa kimoja, kamua mpaka kisitoe tone. Kibandike kwenye kioo sekunde chache ili chumvi iyeyuke, kisha vuta polepole kutoka juu kwenda chini. Ukisugua kabla haijayeyuka unaisagia kioo. Kausha na cha pili. Usinyunyize kitu moja kwa moja kwenye kioo: maji yanateremka hadi ukingo wa chini ambako waya za kioo zimepita, na mistari ya wima haitibiki. Kusi ikivuma fanya kila wiki, nyakati nyingine mara mbili kwa mwezi. Matundu ya nyuma tumia brashi hiyo hiyo kavu.

Ukhti wa Langoni
Imefika salama na nimeiunganisha kwa HDMI, USB-C haina alama. Mambo matatu: herufi zina ukungu, nyeusi inaonekana kijivu, na kuna kidudu kidogo kinatembea ndani ya kioo!

Fundi Mkunguni
Ukungu: kwenye Windows fungua mipangilio ya skrini, azimio (idadi ya nukta) liwe 2560 kwa 1440, lile lililoandikwa linapendekezwa. Likiwa halipo kwenye orodha, badilisha kebo kwanza, chukua iliyoandikwa High Speed, isizidi mita mbili. Kisha kwenye mipangilio ya juu ya skrini hakikisha ni mara 60 kwa sekunde. Kwenye menyu ya monita rudisha ukali wa picha katikati. Ukiuzidisha unaweka kivuli cheupe pembeni mwa herufi.

Nyeusi ya kijivu: laptop inatuma rangi za kiwango cha televisheni. Fungua programu ya kadi ya picha, tafuta kiwango cha rangi, chagua kamili, 0 hadi 255. Halafu shusha mwangaza: shika karatasi nyeupe kando ya kioo, mchana na usiku, na vilingane. Kwa kawaida itakuwa kati ya 30 na 50, si 100 iliyotoka nayo kiwandani.

Bi Shela
Kidudu usikibonyeze hata kidogo. Kikifia hapo, kitabaki hapo mpaka ufungue kioo, na kufungua ni kukiharibu. Kimefuata mwanga na joto. Zima monita, zima taa za chumba, washa taa ndogo sentimita kumi kutoka ukingo wa juu, ngoja usiku mmoja. Mara nyingi hutoka chenyewe. Mijusi kafiri ndiyo hatari zaidi, huingia kwenye matundu ya adapta na kugusisha njia za stima. Adapta iinue kutoka sakafuni, na usiku plagi ichomolewe.