Arch au Debian kwa intaneti ya bando?

kibuyu: Wakuu, laptopu ya kazi, RAM GB 4, intaneti ya bando. Niweke Linux ipi, Arch au Debian?

mtaimbo: Debian. Toleo jipya hutoka kila miaka 2 hivi. Katikati unapata hasa viraka vya usalama, programu zikibaki toleo lilelile. Arch haina matoleo, ukikaa miezi bila kusasisha unakuja kushusha mzigo mzima kwa mpigo.

nahodha_: Uking'ang'ania Arch, usiandike `pacman -Sy firefox` (pacman ndiyo kisakinishi cha programu cha Arch). Hapo orodha ya vifurushi inakuwa mpya huku maktaba zako (faili zinazotumiwa na programu nyingi kwa pamoja) ni za zamani, programu inagoma kufunguka kwa kukosa faili ya maktaba (`.so`). Ni `pacman -Syu` kila mara, inasasisha vyote pamoja. Kerneli (kiini cha mfumo) ikisasishwa, washa mashine upya: moduli (vipande vya kuendeshea vifaa) za kerneli inayoendelea kutumika zimeshafutwa, flashi ukichomeka huenda isifunguke (watu hulaumu flashi bure).

kibuyu: Na nikitaka programu moja mpya kwenye Debian?

mtaimbo: Kama ni Debian 12, ongeza bookworm-backports (hazina ya programu mpya zaidi kwa Debian 12) kwenye vyanzo vya apt (kisakinishi cha Debian), kisha `apt update`, halafu `apt install -t bookworm-backports` na jina la kifurushi. Usichanganye na sid (tawi la Debian lisilo thabiti). libc6 (maktaba ya msingi ya mfumo) ikishapanda toleo, kuirudisha chini ni kasheshe.