Naomba ushauri: ganda la .44-40 linavimba shingoni

Wakuu, najaza upya risasi za saizi ya .44-40 kwa ajili ya bunduki yangu ya Winchester 1873. Shingo ya ganda hili ni nyembamba mno, kama milimita 0.18. Nikishindilia kichwa cha risasi ndani ya ganda na kubana mdomo wa ganda ukishike, vyote kwa mkupuo mmoja, shingo inavimba na risasi inagoma kuingia chemba. Maganda yote nimeyakata milimita 33, midomo nimeipanua kidogo tu.

Kuacha kubana haiwezekani: magazini ni ya bomba, springi itasukuma vichwa vizame ndani ya ganda. (Vichwa ni bapa puani, havitachoma fataki ya risasi iliyo mbele yake ndani ya bomba, hilo msihofu.)

Je, nitafute kalibu (die) ya pili ya kubana peke yake, au tatizo ni kipenyo cha vichwa? Vichwa ni vya madini laini ya risasi (lead), inchi .429, mtutu nimeupima,.427.