Opeth: nyimbo mchanganyiko zimeua mtiririko?

Kinubi: Wakuu, nimezisikiliza albamu za Opeth, bendi ya metali ya Sweden, kwa mpangilio wa miaka, toka Orchid ya 1995 hadi The Last Will and Testament ya 2024. Ninavyoona, kadiri walivyoongeza ladha ndivyo mtiririko ulivyopungua. Chukueni Blackwater Park (2001). Bleak ikishakukung'uta, inaingia Harvest: gitaa kavu, sauti laini, hakuna kunguruma (kuimba kwa sauti nzito ya kooni) hata kidogo. Karibu na mwisho kuna Patterns in the Ivy, gitaa na piano tu, haifiki hata dakika 2, halafu ndipo linakuja lile dude la dakika 12 lililobeba jina la albamu. Ukiondoa wimbo mmoja, pengo unalisikia. Sasa njooni kwenye Sorceress (2016). Nyimbo nzuri, lakini zichanganye utakavyo, hakuna kinachoharibika. Nakosea wapi?

Bi Zeze: Blackwater Park nakubali. Ila umeuruka mfano mkubwa kuliko wote. My Arms, Your Hearse ya 1998 ni hadithi moja mwanzo mwisho, na mashairi ya wimbo yanaishia kwenye jina la wimbo unaofuata. Kwa hiyo wanaosema Steven Wilson, mtayarishaji wa Blackwater Park, ndiye aliyewafundisha kupanga albamu wanawaonea, alikuwa bado hajafika. Na kwa kuwa tunazungumzia mtiririko: In Cauda Venenum (2019) ilitoka kwa Kiswidi na kwa Kiingereza, na aliyeisikiliza kwa Kiingereza tu, hiyo albamu bado hajaisikia.

Dramu72: Dada, hilo la mwisho limenichoma. Kiswidi sijui hata salamu, kwa hiyo miaka yote hii nilikuwa nasikiliza nini? Hayo mashairi ya kupokezana yenyewe, Åkerfeldt, mwimbaji wao, akinguruma nani anashika neno? Mpaka ufungue kijitabu cha albamu. Mtiririko uko kwenye ngoma. Sikiliza dakika za mwisho za wimbo Deliverance, mpigo uleule unarudi na kurudi na hutaki uishe. Huyo ni Martin Lopez. Alipoondoka 2006 ndipo mambo yalipoanza kulegea, si kwa sababu ya lugha.

Bi Zeze: Sijamtukana mtu. Åkerfeldt aliyaandika yale mashairi kwa Kiswidi kwanza, Kiingereza kikafuata. Muziki ni uleule, lakini cheza Svekets prins halafu Dignity, wimbo huohuo kwa Kiingereza, usikie maneno yanavyokaa. Kwenye ya kwanza sauti inapanda na kushuka pamoja na gitaa. Kwenye ya pili kuna sehemu anayakimbiza maneno ili yaenee.

Mtu wa Tanga: Na humohumo inasikika sauti ya Olof Palme, aliyekuwa waziri mkuu wa Sweden, akihutubia. Kwa sisi Watanzania huyo si mgeni. Alikuwa rafiki wa Mwalimu, akasimama na wapigania uhuru wa Kusini mwa Afrika, hadi alipopigwa risasi Stockholm, Februari 1986. Niliposikia ile sauti nilisimamisha wimbo, nikamwita baba aje asikilize. Usiniambie maneno hayana kazi.

Dramu72: Mkuu, Palme namheshimu. Mada ni albamu, tusiigeuze darasa la siasa.

Mtu wa Tanga: Darasa gani? Umesema hakuna anayeshika neno, nimekuonyesha neno nililolishika bila kujua Kiswidi. Lijibu hilo.

Kinubi: Jamani, Sorceress...

Ngurumo: Mimi nasema waligawanyika walipoanza kutenganisha upole na ukali. Damnation ikatoka kwanza, yote laini, halafu Deliverance yote nzito. Hapo albamu moja ikawa nusu mbili.

Bi Zeze: Umezigeuza, kaka. Deliverance ilitoka Novemba 2002, Damnation Aprili 2003, na zilirekodiwa kipindi kimoja. Wala Deliverance si nzito yote, A Fair Judgement ina kunguruma wapi?

Ngurumo: Sawa kwa miezi, lakini hoja yangu iko palepale. Kunguruma kulipoachwa kabisa kwenye Heritage 2011, bendi ilipoteza kitu cha kuulinganisha upole nacho. Harvest inapendeza kwa sababu Bleak imekupiga kwanza. Kunguruma kuliporudi 2024, upole nao ukarudi kuwa na uzito.

Bi Zeze: Heritage inaanza na piano peke yake, halafu The Devil's Orchard inakurukia. Huko si kulinganisha? Ukali si koo tu, ndugu yangu. Taarab asilia inakuweka kwenye fidla na kanuni muda mrefu kabla mwimbaji hajafungua mdomo, na akifungua unatetemeka. Nani alinguruma pale?

Dramu72: Hapo kwenye piano nakuunga mkono. Leo usiku naiweka ya Kiswidi toka wimbo wa kwanza, bila kijitabu na bila kuruka hata mmoja. Ikishikana kuliko ya Kiingereza nitakuja kusema hapahapa. Kwa Lopez sirudi nyuma.