Tupeane uzoefu: yogati na mgando wa utotoni, watu wa Mwanza na kando ya ziwa njooni hapa

Mtoto wa Kirumba (mleta mada)
Mwangaluka wakuu. Jana nimemnunulia binti yangu yogati ya kikombe, ile ya stroberi. Akabandua kifuniko akakitupa chini. Akakitupa! Hata kukilamba hakukilamba.

Enzi zetu kile kifuniko ndicho kilikuwa kinagombaniwa. Pale Kirumba miaka ya 90 yogati iliingia nyumbani mtu akiumwa tu. Homa ikipanda, baba anarudi jioni na kikombe kimoja kutoka mjini, mgonjwa anakula taratibu kama anatukomoa, sisi wazima tuko mkao wa kula. Akimaliza, mmoja anapata kifuniko, mwingine anatia maji kwenye kikombe, anasukutua, anayanywa. Kikombe chenyewe hakitupwi, mama anapimia karanga mpaka kipasuke.

Tiririkeni. Ulikula yogati gani, mtindi gani, wapi, na nini kilikukuta.

Sato Mkavu
Mgonjwa wa uongo nilikuwa mimi. Nilikuwa naweka kitunguu swaumu kwapani ili homa ipande nipate kikombe.

Mama Wawili
Ikapanda?

Sato Mkavu
Nilipigwa sindano ya kwinini, dada yangu. Yogati akala mdogo wangu aliyenisindikiza.

Kisesa Halisi
Watoto wa mjini mnanichekesha. Yogati ya kikombe kimoja watu saba! Sisi Kisesa tulikuwa tunaoga maziwa. Bibi alikuwa na vibuyu vyake vimepangwa ukutani, kila kimoja na siku yake. Cha leo hakiguswi, cha juzi ndicho kimeganda vizuri, kile cha pembeni kinasubiri kutikiswa kitoe samli. Mchana ni ugali wa mtama na mgando, mnakaa duara, unamega tonge unalichovya hadi vidole vinazama.

Sasa utamu ulikuwa ule utando wa juu, mafuta matupu. Ukiuvunja bibi anajua. Kwa hiyo tulikuwa tunachuma jani la mpapai, tunakata lile bua lake lenye tundu katikati, tunalipitisha pembeni kabisa ya mdomo wa kibuyu na kunyonya kwa chini. Juu utando umetulia, chini umeshuka. Bibi alikuwa anasema ng'ombe wa siku hizi maziwa yao yanapungua yenyewe.

Mkurya wa Sirari
Bua la mpapai! Kumbe siyo sisi peke yetu. Ila kwetu bibi alikuwa anakifukiza kibuyu moshi kabla ya kutia maziwa, ile harufu nikiikumbuka mate yanajaa. Mgando wa Kisukuma bila moshi ni maji tu, tusidanganyane.

Kisesa Halisi
Mkuu usianze. Maziwa yanayonuka jiko ndiyo unayajia hapa?

Mkurya wa Sirari
Bora yanuke jiko kuliko nyie mnaotia sukari. Mgando na sukari! Hapo si afadhali unywe juisi.

Nyegezi Kona
Sukari ni lazima. Na chumvi kidogo.

Mkurya wa Sirari
Chumvi???

Mtoto wa Kirumba
Wakuu uzi ni wa yogati, ng'ombe wenu wafungeni nje.

Binti Mabatini
Mimi yangu ni tofauti kidogo, naomba nivumiliwe ni ndefu.

Nimekulia Mabatini. Kama mnakumbuka, mwaka 2004 walikuja watu wa Chuo Kikuu cha Western cha Ontario, Kanada, wakashirikiana na kikundi cha akina mama wa pale kwetu, Tukwamuane, wakafungua jiko la kutengeneza yogati. Haikuwa yogati ya dukani. Waliichachua kwa bakteria maalumu, Lactobacillus rhamnosus GR-1, wa kusaidia tumbo na kinga. Waliolengwa hasa ni watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi. Ikaja kuitwa Fiti.

Mama yangu alikuwa mmoja wao. Mimi sikujua. Nilichojua ni kwamba mama ana kikombe chake cha yogati kila siku na sisi hatukigusi. Kaka alituambia ile ni dawa, ukinywa wewe mzima utaharisha. Mwenyewe nilikuwa namuona anaikoroga na kijiko kwa muda mrefu, anaonja, anafunga macho kwa ule uchachu, anameza. Wakati ule alikuwa amekonda, mdomo una vidonda, ugali haupiti. Kile kikombe kilipita.

Siku moja nikarudi shule mapema nikakuta kikombe mezani kimebaki nusu, mama kalala. Nikala. Nikala yote na kidole nikapitisha. Nikakaa kwenye ngazi kusubiri kuharisha. Mama alipoamka akaniona na weupe mdomoni, nikajua leo ni leo. Hakunipiga. Alinivuta, akaniambia kesho nitakuachia kidogo. Na aliniachia, kila siku vijiko viwili, mpaka nikazoea uchachu nikawa sitaki tena za sukari.

Mama yupo, yuko Magu anafuga kuku, ana maneno kuliko mimi. Yogati hizi za stroberi anaziita pipi.

Mama Wawili
Binti Mabatini umeniliza ofisini. Mpe salamu mama.

Jirani wa Igoma
Mungu azidi kumtunza. Hiyo Fiti nimewahi kuinywa, ilikuwa chachu kwelikweli, haina utani.

Mzawa wa Nansio
Daah, pole na hongera kwa pamoja dada. Naona aibu kuleta cha kwangu baada ya hapo lakini mleta mada kaomba kilichotukuta.

Ni 1997, mwaka mmoja tu baada ya MV Bukoba kuzama. Niko darasa la nne, Ukerewe. Mtoto wa shangazi anaolewa Kitangiri, bibi akanipa dumu la lita tano limejaa mgando mpaka shingoni. Akaweka nailoni mdomoni, akakaza kifuniko, juu akazungusha mpira wa baiskeli. Amri ni moja: usilifungue mpaka mikononi mwa shangazi yako.

Nikapanda meli ya Nansio alfajiri na baba mdogo. Yeye akapanda juu na wenzake, mimi chini karibu na injini, ndiko kwenye nafasi. Joto la pale walioisafiri wanalijua. Pembeni yangu kuna kwaya nzima inaenda mkutano wa injili Mwanza, mashati meupe yamepigwa pasi. Mzee mmoja akaliangalia dumu, likiwa limeshavimba ubavuni, akaniambia, "Mjukuu, legeza kifuniko lipumue." Nikamwambia bibi amekataa. Akarudia. Nikalikumbatia.

Usingizi ukanipitia. Nilichosikia ni PAAA! Kifuniko kikapiga bati la juu, maziwa yakaruka yote, mwalimu wa kwaya yakampata usoni, mstari wa mbele wote shati hadi suruali. Hiyo ingekuwa ya kucheka. Tatizo ni mlio. Karibu na injini, na watu bado wana MV Bukoba vichwani. Mama mmoja akapiga ukunga, "Tunakufa!" Basi. Watu wakakimbilia upande mmoja, mabaharia wanapiga kelele, "Rudini! Rudini katikati!", kuna jamaa alishavaa boya na mwingine anamvua. Mimi nimekaa na dumu tupu mapajani, naloa.

Aliyewatuliza ni yule mwalimu wa kwaya. Akapanda juu ya benchi, mgando unamdondoka kidevuni, akapaza sauti, "Ni maziwa! Jamani ni maziwa!" Watu wakamwangalia. Halafu akalamba mdomo akasema, "Tena mazuri."

Kitangiri nilifika na dumu lenye vikombe kama viwili. Shangazi akauliza mengine yako wapi. Baba mdogo akasema waulize kwaya.

Sato Mkavu
Waulize kwaya!! Nimecheka mpaka kondakta kaniuliza kama nashuka.

Nyegezi Kona
Hii ni chai. Tena chai ya maziwa.

Mzawa wa Nansio
Mkuu chai ya nini? Baba mdogo yu hai.

Nyegezi Kona
Mgando hauwezi kulipuka. Soda sawa, mgando hapana. Nimekua nao.

Dokta wa Mifugo
Unaweza. Maziwa mabichi yakichachuka yenyewe hayachachuliwi na bakteria wa mtindi peke yao, kuna na hamira za asili, na hizo zinatoa gesi. Kibuyu kina mfuniko usiobana, kinapumua. Dumu la plastiki lililokazwa, joto la injini, limejaa hadi shingoni, gesi itaenda wapi? Yule mzee wa "lipumue" alikuwa anajua.

Ila nikiwa hapa niseme: mgando wa maziwa yasiyochemshwa unaambukiza brusela na kifua kikuu cha ng'ombe. Chemsheni kwanza, halafu mgandishe.

Kisesa Halisi
Bibi yangu amevuka themanini akinywa mabichi.

Dokta wa Mifugo
Na wale waliokuwa wanaumwa homa zisizoisha na viungo kuuma, mkasema wamerogwa?

Kisesa Halisi
Hapo sijibu.

Mkurya wa Sirari
Moshi unaua wadudu wote.

Dokta wa Mifugo
Hauui wote, ndugu yangu.

Dala wa Kondele
Hodi majirani, niko Kisumu. Sisi tulikuwa na maziwa ya Nyayo, Moi aliyaanzisha mwaka wa 1979, yanaletwa shule kwa pakiti za pembe tatu. Unachana kona na meno. Wengine tulikuwa hatuyanywi, tunaficha pakiti juu ya kabati ya darasa mpaka igande, halafu tunakula kama mala. Kuna moja ilisahaulika likizo ikafunguka yenyewe, so huyo wa Nansio mimi namwamini kabisa.

Jirani wa Igoma
Uzi ni wa Mwanza huu.

Dala wa Kondele
Ziwa ni moja.

Mama Wawili
Mwacheni. Swali kwa wote: wanangu nataka niwafundishe yogati ya nyumbani, naanzaje?

Binti Mabatini
Chemsha maziwa, yaache yapoe mpaka kidole kivumilie bila kuungua. Tia vijiko viwili vya yogati isiyo na sukari, koroga, mimina kwenye hotpoti, funga, usiliguse usiku kucha. Asubuhi imeganda.

Nyegezi Kona
Hotpoti ya nini na joto hili la Mwanza? Acha tu juu ya kabati.

Sato Mkavu
Ukitingisha tu inaharibika. Na usikoroge na kijiko cha chuma.

Dokta wa Mifugo
Kijiko cha chuma hakina shida yoyote.

Mkurya wa Sirari
Nunua kibuyu.

Mzawa wa Nansio
Vyovyote utakavyofanya dada, kifuniko usikaze.

Mtoto wa Kirumba
Wakuu, kuna mwenye kujua wapi mjini naweza kupata mgando wa kibuyu, wa kuchemshwa, kabla ya Jumapili? Binti kasoma huu uzi begani kwangu, sasa anataka bua la mpapai.

Kisesa Halisi
Bua nitakuletea bure. Mgando njoo na dumu lako, na sukari usije nayo, Mkurya anasoma.