Mjadala: Mwajiri anayedai matibabu kwa wote anautetea umma au anautetea mfuko wake?

Ndugu wachangiaji, ninaleta swali ambalo nchini Marekani limewagawa hata watu ambao kwa kawaida husimama upande mmoja. Wapo wamiliki wa biashara wanaodai hadharani kwamba serikali ianzishe mfuko mmoja wa umma utakaomlipia matibabu kila mkazi wa nchi, na kwamba waajiri waondolewe kabisa katika shughuli ya bima ya afya. Mmoja wao ni Richard Master, mwanzilishi wa MCS Industries, kampuni ya Pennsylvania inayotengeneza fremu za picha, ambaye ametumia muda na fedha zake katika kampeni hiyo. Wanaowapinga husema kwamba mwenye kampuni anatafuta tu namna ya kuutua mzigo wa bima na kuwatwika walipa kodi, halafu asifiwe kwa huruma yake. Wanaowaunga mkono husema kwamba mtu anayelipa bili kila mwezi ndiye anayejua vizuri zaidi ubovu wa mfumo, kwa hiyo asikilizwe.

Msimamo wangu ni kwamba maslahi ya mwajiri si sababu ya kumnyamazisha, ila ni sababu ya kumbana kwa maswali mawili. La kwanza, yuko tayari kulipa kodi kiasi gani badala ya mchango wa bima anaoulipa sasa? La pili, fedha atakazookoa zitakwenda wapi? Mwajiri asiyejibu maswali hayo hadharani hanishawishi, hata akizungumza kwa uchungu namna gani. Anayeyajibu anastahili kuungwa mkono, na mimi namuunga mkono.

Tukumbuke kwanza mwajiri aliingiaje katika jambo hili. Mwaka 1942, wakati wa vita, serikali ya Marekani ilidhibiti mishahara. Viwanda vilivyokuwa vikigombania wafanyakazi wachache havikuweza kuwavuta kwa kuwaongezea malipo, lakini viliruhusiwa kuwapa bima, na sheria ya kodi ya mwaka 1954 ikathibitisha kwamba mchango wa mwajiri katika bima hautozwi kodi ya mapato. Rais Harry Truman alipopendekeza bima ya taifa mwaka 1945, chama cha madaktari kiliipinga kwa nguvu zote na pendekezo likafa. Hivyo utaratibu wa dharura ukawa wa kudumu, na leo watu zaidi ya milioni 150 hupata bima kupitia kazi, yao wenyewe au ya mtu wa familia. Sheria ya mwaka 2010 iliongeza sharti kwamba kampuni yenye wafanyakazi 50 au zaidi wa muda wote iwape bima au ilipe adhabu.

Nawaomba mwangalie jinsi utaratibu huo unavyofanya kazi ndani ya kampuni ya wafanyakazi kama 100. Kila mwaka wakala wa bima huleta bei mpya, na bei hiyo hutegemea kwa sehemu kubwa gharama za matibabu ambazo wafanyakazi wa kampuni hiyo hiyo walizitumia mwaka uliotangulia. Mara nyingi karatasi zinazoambatana nayo huonyesha madai makubwa bila majina: mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, saratani, upasuaji wa moyo. Majina hayahitajiki, kwa sababu katika kampuni ya ukubwa huo kila mtu anajua ni mtoto wa nani aliyelazwa muda mrefu. Mwenye kampuni anakaa na karatasi hiyo mbele yake na kuamua kama atapunguza huduma zinazolipiwa, atawakata wafanyakazi fedha zaidi kwenye mishahara yao, au ataahirisha nyongeza ya mishahara. Naona ni jambo la kuumiza, kwake na zaidi kwa mfanyakazi ambaye ugonjwa wake umegeuka kuwa tatizo la bajeti ya wenzake. Hakuna mtu anayepaswa kuwekwa katika nafasi hiyo, na hakuna bosi anayepaswa kuwa na habari hizo hata kwa kubahatisha.

Kuna ugonjwa mmoja ambao Marekani imekwisha kuutolea uamuzi tofauti. Tangu sheria ya mwaka 1972, mtu ambaye figo zake zimeshindwa kabisa anaweza kupata Medicare, bima ya umma ya wazee, hata kama hajazeeka, ilimradi yeye, mwenzi wake au mzazi wake amefanya kazi na kuchangia kwa muda unaotakiwa. Kama ana bima ya kazini, bima hiyo hulipa kwanza kwa miezi 30, kisha Medicare inakuwa mlipaji wa kwanza. Mwajiri anajua kwamba gharama ya kusafisha damu ya mfanyakazi wake haitamwelemea milele. Sijawahi kusikia mtu akieleza kwa hoja inayoeleweka kwa nini figo zistahili utaratibu huo, na ini au mapafu yasistahili.

Wako wanaosema kwamba kampuni zenyewe zingeweza kuirekebisha hali hii kwa kuungana na kupatana bei na hospitali. Jaribio hilo limefanyika, tena na wenye nguvu. Mwekezaji bilionea Warren Buffett, ambaye alizifananisha gharama za matibabu na tegu anayeunyonya uchumi wa Marekani, kupitia kampuni yake ya Berkshire Hathaway alijiunga na Amazon na benki ya JPMorgan Chase mwaka 2018 kuanzisha kampuni ya pamoja, iliyopewa jina la Haven, ili kutafuta njia ya kupunguza gharama kwa wafanyakazi wao waliozidi milioni moja. Mwanzoni mwa mwaka 2021 wakatangaza kuifunga. Ikiwa hao wameshindwa, mtengeneza fremu hawezi kuambiwa akapatane mwenyewe.

Sasa tuje kwenye fedha, kwa sababu hapo ndipo mjadala huu hupoteza mwelekeo. Jimbo la Vermont lilipitisha sheria mwaka 2011 ya kuelekea kwenye mfuko mmoja wa umma. Desemba 2014 gavana Peter Shumlin, ambaye mwenyewe ndiye aliyeipigania, aliachana na mpango huo baada ya hesabu kuonyesha kwamba ungehitaji kodi ya asilimia 11.5 ya mishahara kwa kila mwajiri, pamoja na mchango wa hadi asilimia 9.5 ya mapato kwa wananchi. Watu wengi waliishia kwenye asilimia hizo na kusema kwamba jambo lenyewe haliwezekani. Mimi naomba tuziweke asilimia hizo karibu na kile ambacho waajiri walikuwa wakilipa tayari.

Mwaka huo wa 2014, kwa wastani wa nchi nzima, bima ya kazini ya familia iligharimu dola 16,834, na mwajiri alilipa takribani dola 12,000 kati ya hizo. Bima ya mfanyakazi peke yake ilimgharimu mwajiri dola zisizofika 5,000. Kwa mfanyakazi wa mshahara wa dola 50,000 kwa mwaka, kodi ya Vermont ingekuwa dola 5,750. Maana yake ni kwamba mwajiri angelipa chini ya nusu ya wastani huo kwa mfanyakazi mwenye familia, na angelipa zaidi kidogo kwa asiye na familia. Kwa mhandisi wa mshahara wa dola 120,000 kodi ingefika dola 13,800, zaidi ya sehemu ambayo mwajiri alilipa katika bima ya familia. Na mwenye mgahawa ambaye hakuwa akimlipia mtu yeyote bima angetoka kwenye sifuri hadi asilimia 11.5 kwa siku moja.

Hesabu hii inaonyesha kwamba waajiri hawana maslahi mamoja. Mwenye kiwanda chenye mishahara ya kati na wafanyakazi wenye familia anafaidika. Ofisi ya mawakili yenye mishahara mikubwa na mgahawa usiotoa bima vinaumia. Wapinzani wana haki ya kusema kwamba mwenye kiwanda anapiga kampeni kwa jambo linalomfaa. Lakini mwenye mgahawa anayepinga naye anatetea jambo linalomfaa, na wafanyakazi wake wanatibiwa kwa gharama ya watu wengine au hawatibiwi kabisa. Kwa nini maslahi ya wa kwanza yatiliwe shaka, na ya wa pili yaitwe busara ya kiuchumi?

Hofu yangu kubwa iko kwenye swali la pili. Kufikia mwaka 2024 bima ya familia ilikuwa imepanda hadi dola 25,572 kwa wastani, na mwajiri alilipa zaidi ya dola 19,000. Wanauchumi wengi wanakubaliana kwamba kwa muda mrefu fedha hizo hutoka katika mshahara ambao mfanyakazi angelipwa. Kwa vyama vya wafanyakazi jambo hili liko wazi, maana walikubali nyongeza ndogo mezani ili walinde bima nzuri. Ikiwa mfuko wa umma utaanza kesho na mwajiri akabaki na tofauti yote, mfanyakazi atakuwa amelipa mara mbili: kwanza kwa nyongeza alizoziacha, kisha kwa kodi mpya. Kwa hiyo naona sheria yoyote ya namna hii iwe na kifungu kinachomtaka mwajiri, katika miaka ya mwanzo, ahamishie kwenye mishahara sehemu kubwa ya akiba yake, na mwajiri mwanakampeni awe wa kwanza kukidai.

Hoja ya foleni nayo siidharau. Wagonjwa wa Kanada husubiri muda mrefu kwa baadhi ya upasuaji usio wa dharura, na anayesubiri nyonga mpya huku akiumia hafarijiwi na takwimu. Lakini foleni hutegemea idadi ya madaktari, vyumba vya upasuaji na bajeti, mambo ambayo serikali huweza kuyabadilisha, na Marekani ilitumia asilimia 17.6 ya pato lake la taifa kwa afya mwaka 2023, kiwango ambacho Kanada haikaribii.

Wapiga kura wa Colorado walipoulizwa mwaka 2016 kama wanataka mfuko wa namna hii kwa kodi ya mishahara ya asilimia 10, theluthi mbili yake ikilipwa na mwajiri, karibu wanne kati ya watano walikataa. Ninyi mnaopinga, naomba mtuambie kama mngependa mwajiri aendelee kuamua dawa na hospitali za mfanyakazi wake, na kwa sababu gani. Na ninyi mnaounga mkono, mtakubali kifungu cha mishahara nilichokitaja, au mtaacha soko liamue fedha hizo ziende kwa nani?