MJADALA: Daftari la kazi za seva ya mtaa libandikwe hadharani au la?

Wa Langoni
Assalaam aleikum. Seva ya mtaa, ile kompyuta inayobeba tovuti yetu, iliyo Mkomani hapa Lamu, wote mwaitumia: ratiba ya maji kujaa na kupwa, matangazo ya vifo na harusi, kanda za tenzi, picha za miswada ya kale. Wanaoihudumia hawalipwi. Ikizimika, simu za kulalamika hazikatiki. Ikienda vizuri, watu hudhani inajiendesha. Naleta hoja: kila mwisho wa mwezi daftari libandikwe ukurasa wa mbele, kazi gani, muda gani, mikono ya nani. Asiyekujua hakuthamini. Semeni.

Baba wa Shela
Siungi mkono. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Mtu akijitolea kisha akatundika saa zake ukutani, amegeuza sadaka kuwa ankara. Na kazi yenyewe ni ipi? Programu hujisasisha usiku, cheti cha usalama wa tovuti hujihuisha, diski ziko mbili, moja ikifa ya pili ipo. Kinachokula pesa ni betri ya UPS, kile kisanduku kinachoshikilia umeme ukikatika, kwa sababu mwanunua zile ndogo za ampea-saa 7. Fungeni betri ya gari mara moja, yaishe.

Fundi Mokowe
Ami, kwenye betri ya gari nakupinga, tena kwa hesabu. Chaja iliyo ndani ya UPS ndogo hutoa ampea moja au pungufu. Ikitoa nusu ampea, betri ya ampea-saa 50 iliyokwisha yataka zaidi ya saa 100 kujaa, yaani siku nne na ushei, na umeme hautungoji siku nne ndipo ukatike tena. Kwa hiyo haijai kamwe, na betri ya risasi isiyojaa hufanya ukoga mweupe kwenye bamba zake ikafa. Bamba za betri ya gari ni nyembamba, zimetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini. Ukiinyonya hadi chini kila wiki, haikai. UPS yenyewe imepimwa kubeba mzigo kwa dakika chache. Ukiilazimisha saa tatu yaweza kuungua. Halafu betri ya maji ikichajiwa hutoa haidrojeni. Chumba kile dirisha limezibwa kuzuia chumvi ya kusi. Haidrojeni ikifika asilimia 4 ya hewa, cheche moja yatosha.

Mwalimu wa Matondoni
Kabla hatujazama kwenye betri, hoja ya daftari ina matatizo mawili. Daftari huonyesha kazi inayoandikika. Aliyebadilisha diski ataandika mstari wake; aliyeshinda kutwa akijibu simu za waliopoteza nywila hataandika kitu. Baada ya mwaka, wa diski atakuwa shujaa, wa simu hayupo. La pili, ukitangaza kwamba programu fulani bado haijazibwa tundu lake hadi Jumamosi, umemwonyesha mwizi mlango. Mwajibu nini?

Baba wa Shela
Fundi, wanitisha na haidrojeni. Nyumba ngapi Shela zawasha taa kwa betri za gari, na hakuna iliyolipuka?

Fundi Mokowe
Taa za wati 5, ami, zenye kidhibiti cha sola kinachokata betri ikishuka. Seva, rauta na swichi kwa pamoja ni wati 60 usiku na mchana. Umeme ukikatika kwa muda wa saa kumi na mbili, hiyo ni wati-saa 720. Betri yako yote ina wati-saa 600, na nusu yake tu ndiyo ya kutumia bila kuiua.

Na hilo la vitu kujiendesha nalijibu pia, kwa kuwa limeniuma. Cheti ni cha siku 90 na hujihuisha kabla ya mwisho, ndiyo. Lakini siku rauta inapobadilishwa na mtu akasahau kufungua mlango namba 80, njia ambayo mtoa cheti hupitia kuikagua seva, kuhuisha kunashindwa kimyakimya, na kila kitu kinaendelea kufanya kazi kwa wiki kadhaa. Kisha siku moja simu zote za Lamu zaonyesha onyo jekundu. Diski mbili zinazonakiliana si akiba: ukifuta picha kwa makosa, yafutika kwenye zote mbili papo hapo. Akiba ni diski ya tatu iliyo nyumba nyingine, tena lazima ijaribiwe kwa kurudisha mafaili kwenye mashine tupu na kuyafungua. Hakuna programu inayombeba mtu na diski mkononi hadi nyumba ya pili. Kisha kuna meno ya plagi za waya kuota kutu ya kijani, vumbi la chokaa kwenye feni, mijusi wanaofuata joto la pawasaplai. Wapi hayo yajiendesha?

Kijana wa Mombasa
Hii ya betri isitufunike. Duniani kote ndivyo. Mnakumbuka ile kasoro ya OpenSSL, 2012 kama sikosei, programu inalinda tovuti za dunia nzima na wanaoitunza wanahesabika kwa vidole.

Wa Langoni
Hiyo ni Heartbleed, ilitangazwa Aprili 2014. Mwaka 2012 ndipo kasoro iliposambazwa ndani ya programu, labda ndipo ulipochanganya. Michango kwa OpenSSL ilikuwa kama dola 2,000 kwa mwaka, na aliyeifanya kazi hiyo siku nzima alikuwa mmoja. Machi 2024 ikaja xz, programu ya kubana mafaili: msimamizi mmoja aliyechoka, akabanwa na watu asiowajua agawe madaraka, na aliyepewa akatia mlango wa siri. Mhandisi wa programu, Andres Freund, aliushtukia kwa sababu kuingia kwenye mashine kulichelewa nusu sekunde. Hapo ndipo nasema, mchovu asipoonekana hasaidiwi, na asiposaidiwa atamkabidhi funguo yeyote.

Kijana wa Mombasa
Sawa, lakini hiyo ni kazi ya kitaalamu. Mambo ya nywila na kusoma matangazo si kazi ya seva, ni ujirani. Tukiyahesabu hayo, tutahesabu na anayepika chai.

Bi Mkomani
Mwanangu, ujirani? Tangazo la kifo halipandishwi mpaka jamaa wawili wathibitishe, kwa sababu tangazo la uongo laua mtu aliye hai mbele ya mji mzima. Na maziko ni siku hiyo hiyo. Kwa hiyo simu ikilia saa tisa za usiku, anayepokea hawezi kusema asubuhi. Anapiga kwa jamaa wa kwanza, wa pili, anaandika jina la baba sawasawa, msikiti gani, sala ya saa ngapi, ndipo anapandisha. Mzee aliyebadilisha laini ya simu hawezi kupokea namba ya siri, inakwenda kwenye laini ya zamani. Hafunguliwi akaunti kwa simu, matapeli ni wengi. Huletwa uso kwa uso, na majirani wawili wamshuhudie. Seva ikiwaka bila mambo hayo, ni pasi tu. Andika na chai, kama aliyeipika ndiye aliyekesha.

Kijana wa Mombasa
Bi, sikudharau. Nilisema yahesabiwe mbali.

Bi Mkomani
Mbali ndiko yanakopotea.

Mwalimu wa Matondoni
Hilo ndilo swali langu la juu, na halijajibiwa. Na tukiyaandika, aliyesaidiwa hataki jina lake lionekane, hasa wasichana wanaoripoti picha zao.

Wa Langoni
Basi yaandikwe kwa aina: "akaunti zilizorudishwa", "matangazo yaliyothibitishwa", "malalamiko ya picha", bila jina la aliyesaidiwa. Tundu la programu liandikwe likishazibwa.

Mwalimu wa Matondoni
Na jina la aliyepokea malalamiko? Mwenye kosa akilijua, atamfuata mlangoni. Lamu ni ndogo.

Baba wa Shela
Bi Mkomani, kuhusu vifo naondoa neno langu. Kuhusu ankara sijaondoa. Fundi, kama si ya gari, ni ipi?

Fundi Mokowe
Ya sola, ampea-saa 150, iliyofungwa isiyotoa maji, na chaja yake ya ampea 10, si ile ya ndani ya UPS. Kigeuza-umeme kiwe cha kubeba mzigo usiku kucha. Fyuzi ya ampea 40 karibu kabisa na ncha chanya. Na iwekwe chini, upande wa ukuta mnene wa mawe, si juu ya kabati: kila nyuzi 10 za joto zinazozidi 25, umri wa betri hushuka nusu. Kuibeba kutoka gatini ni watu wawili. Hao nao muwaandike.