Naomba ushauri: kitabu cha picha kwenye somo la sayansi

Habari zenu walimu wenzangu. Nafundisha darasa la tatu, na mzunguko wa maisha ya chura naufundisha kwa kitabu cha hadithi chenye picha. Watoto wanakipenda mno, hata wale wasiofungua mdomo darasani. Shida ni kwamba mchoraji kamwotesha kiluwiluwi miguu ya mbele kwanza, wakati ya nyuma ndiyo hutangulia. (Chura kavaa kaptula pia, ila hilo sina ugomvi nalo.) Nawaza kuchota viluwiluwi wachache dimbwini tuwaweke kwenye ndoo, watoto walinganishe wenyewe na picha. Maji nibadilishe baada ya muda gani? Mchicha wa kuchemsha wanakula? Na mwenye kitabu kilichochorwa sahihi anielekeze tafadhali.